Dubai Yangu Iliishia Muleba

Sehemu ya Nne

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungia vitumbua, narudia kwa kifupi.

Naitwa Salma. Nina miaka ishirini na saba, nimepanga chumba Kashai, nauza mapazia na mashuka kwenye duka la mtu. Mwezi wa saba nilinunua begi kubwa la magurudumu manne, rangi ya machungwa, kwa sababu lilikuwa limeshushwa bei. Sikuwa na safari. Nilikuwa na begi.

Jirani akaniuliza, "Unasafiri?" Nikasema, "Inshallah." Akaniuliza, "Wapi, Dubai?" Nikacheka.

Huko kucheka ndiko kulikonifikisha hapa.

Ndani ya wiki tatu mama yangu, Bi Sada wa Rwamishenye, alikuwa ameshanisomea dua na kupika pilau la watu arobaini. Bosi alinipa likizo ya wiki mbili. Wateja walinipa vipimo vya miguu yao. Na Ma Magdalena wa Kahororo, anayemuuzia mama ndizi, alinikabidhi furushi nimpelekee mwanawe Privatus, ambaye yuko Dubai mwaka wa nne huu.

Nikapanda basi la Mwanza mbele ya watu, nikapunga mkono. Nikashuka Muleba. Watu wa Bukoba hupita Muleba, hawashuki, kwa hiyo niliona ni mahali pazuri pa kuwa Dubai kwa wiki mbili.

Siku ya tatu, kwenye gesti ya Mama Hellen, chumba namba sita, zipu ya begi ilifumuka yote kwa mkupuo. Furushi likabingirika hadi mlangoni. Mfua nguo wa gesti, ambaye kila mtu anamwita Dobi, alikuwa anapita na mashuka. Akaliokota, akasoma maandishi ya kalamu nene juu ya kitambaa, akasema:

"Hili ni jina langu."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa hali yangu angefanya. Nilimwambia amekosea.

"Kina Privatus ni wengi," nikasema.

"Privatus Rwekaza?"

"Hata hao."

"Na wote mama zao wanaandika herufi R kama imekaa chini?"

Niliitazama ile R. Kweli ilikuwa imekaa chini.

"Pameandikwa Dubai hapo," nikamwambia.

"Naona."

"Na wewe uko Muleba."

"Na wewe uko Muleba," akasema.

Tukabaki tunatazamana kama watu wawili waliokutana dirishani kwa jirani, kila mmoja akiwa na kuku wa watu mkononi.

Aliuacha mlango wazi kwa heshima, akageuza ndoo, akaikalia. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye ndevu nyingi na mikono iliyokunjamana kwa maji ya sabuni, mikono ya mzee kwenye mwili wa kijana.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anasema unampigia kila Jumapili."

"Nampigia. Kwa Wasapu, kwenye simu ya dada yangu Joanitha."

"Anasema huko kwenu kuna kelele nyingi za ndege."

Akainamisha kichwa. "Ni mashine ya kufulia. Napiga nikiwa nimesimama pembeni yake. Ikifika kukamua, mama huniuliza, 'Mwanangu, hayo madege hayakuchoshi?' Namwambia nimezoea."

Sikucheka. Nilikuwa nimepandisha Wasapu picha ya vigae vya bafu la Mama Hellen nikaandika "Hoteli," kwa hiyo sikuwa na mahali pa kusimamia nikamcheka mtu.

Akanieleza. Alifika Dar akiwa na pasi, viza na suti. Kwenye dirisha la uwanja wa ndege afisa aliitazama viza, akamtazama yeye, akamrudishia kwa upole. "Aliyenipa viza hakuwa na mtu ubalozini," akasema. "Alikuwa na printa."

Akageuza, akapanda basi la kurudi Bukoba. Kijijini walikuwa wamemsomea misa na kuchinja mbuzi wawili. Padri alikuwa amemtaja kwa jina. Basi lilipofika Muleba alisikia abiria wa nyuma yake wakiongea Kihaya, wakitaja Kahororo.

"Nikashuka," akasema. "Nikajiambia nitapumzika siku mbili, nipange maneno."

"Na maneno?"

"Bado napanga."

Akafungua furushi. Cha kwanza ilikuwa pakiti ya kahawa ya kutafuna, ile akamwani wanayokaribishia wageni. Akainusa, akafumba macho. Cha pili kilikuwa kopo la senene, panzi wetu wa msimu, waliokaangwa. Akafungua mfuniko. Lilikuwa limefika nusu.

"Mama kapunguza," akasema. "Labda msimu wa mwezi wa nne haukuwa mzuri."

Nilitazama dirishani. Msomaji, nilikuwa nimeahidi kwamba katika hadithi hii sitaficha kitu. Chakula cha gesti ni chai, vipande viwili vya mkate na yai moja. Usiku wa kwanza nilionja senene watatu. Ukishaonja senene watatu, habari imekwisha.

Lakini wakati ule sikukiri. Nilisema tu, "Siku hizi ni adimu."

Cha tatu ilikuwa rozari ya mbao, shanga zimelainika kwa vidole. Aliishika juu, akaigeuza.

"Hii ni ya baba," akasema. "Kwa nini amempa mama anitumie? Baba haachani nayo."

Cha mwisho ilikuwa bahasha.

Aliifungua, akasoma mstari wa kwanza, akanipa mimi. "Soma wewe. Mikono yangu ina maji."

Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa. Nikasoma.

"Mwanangu Privatus, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Joanitha mzima, ng'ombe mzima. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno ambayo simu haiwezi kuyabeba, na pia ile simu ni ya Joanitha, na Joanitha akianza kulia nami siwezi kuendelea.

"Mwanangu, baba yako alifariki mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne. Aliugua siku tisa. Tulikaa kikao, tukakubaliana tusikuambie. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema mtoto yuko mbali, hana nauli ya ndege, hana ndugu huko, atalia peke yake kati ya Waarabu na kesho aende kazini. Nikasema tumwache kwanza.

"Kila Jumapili ulipouliza baba yuko wapi, nilikuambia yuko shambani. Sikukudanganya, mwanangu. Yuko shambani. Tumemlaza kwenye kibanja chake, upande wa mikahawa, pale alipokuwa anapenda kukaa.

"Alikuulizia. Nilimwambia uko njiani. Hilo ndilo nililodanganya. Nimeshaungama kwa padri, sasa naungama kwako. Usirudi kwa ajili ya hili, kazi ni kazi. Rozari hii alisema upewe. Mama yako, Magdalena."

Nilimaliza. Nikaikunja barua vizuri zaidi ya ilivyokuwa imekunjwa.

Privatus alikuwa anahesabu shanga za rozari, lakini si kwa kusali. Alikuwa anazihesabu tu, kama mtu anayehakikisha zimetimia.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu," akasema mwishowe, "nilikuwa nafua mapazia ya vyumba vyote. Mvua ilinyesha nikayaanua. Ikaacha, nikayaanika. Ikanyesha tena."

Akaikunja rozari kiganjani.

"Saa moja na nusu kwa basi," akasema. "Hata pikipiki ingefika."

Nikamwambia pole. Ni neno dogo sana hilo. Ukilitoa ndipo unapogundua.

Akasimama. "Naenda nyumbani leo."

"Nenda," nikasema. "Ndiyo sawa."

"Watauliza barua nimeipataje."

"Sema umeletewa."

"Na nani?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Akisema kaletewa na Salma, na Salma aliondoka Jumatatu, na leo ni Jumatano, basi Dubai imesogea sana. Mama yangu alikuwa amesimama mbele ya watu arobaini na machozi machoni, akaomba Mungu anilinde kwenye ndege. Ndege ipi?

"Privatus," nikasema, "tufikiri. Safari yangu inaisha baada ya siku kumi na moja. Ukisubiri, tutarudi pamoja. Mimi nimetoka Dubai, wewe umetoka Dubai. Utasema barua ilipokufikia ukaomba ruhusa kazini. Hakuna atakayeaibika. Hata begi ninalo."

Akanitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Siku kumi na moja," akasema.

"Umekaa miaka minne."

Nilipolitoa hilo neno nililisikia likianguka chini. Halikuokoteka.

"Ni kweli," akasema. "Na baba hana haraka."

Akabeba mashuka yake na furushi lake, akatoka.

Nikabaki na begi. Ndani yake mlikuwa na mto wa shingo wa kulalia kwenye ndege, ambao huwa nauvaa nikiangalia tamthilia. Miwani ya jua. Vichupa vitano vya plastiki vya kuwekea shampuu kipimo cha ndegeni. Na kikoba cha pasi. Pasi yenyewe sina. Nilinunua kikoba kwanza.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, msomaji, na sijapata jibu zuri. Dukani ninakouzia, wateja hununua mapazia ya madirisha ambayo hawajayajenga. Mimi huwapimia na kuwasifia chaguo lao. Nilidhani mimi nimewazidi akili kwa sababu najua bei ya jumla.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nilidhani ni mtu wa viatu. Alikuwa Joanitha, dada yake Privatus.

"Dada Salma, shikamoo," aliandika, ingawa tunalingana. Watu wakidhani uko Dubai wanakuamkia. "Najua umefika. Mama hakukuambia, lakini ndani ya bahasha kuna habari ya msiba wa baba. Kaka hajui. Tafadhali dada, akifungua usimwache peke yake. Ndicho pekee tunachoomba. Ndiyo maana mama alikupa wewe, hakutuma kwa posta."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaizima simu na kuiweka chini ya mto, kama vile ujumbe ungetoka kwa kukosa hewa.

Nilimkuta nyuma ya gesti, kwenye kamba za kuanikia. Alikuwa anaanika. Alinyoosha kila shuka pembe kwa pembe, akapachika vibanio, akasogea kwenye lingine. Furushi lilikuwa limefungwa mgongoni kama mtoto.

Nikasimama upande wa pili wa shuka. Ilikuwa rahisi kusema nikiwa simwoni uso.

"Nimekula senene wako," nikasema.

Kibanio kikasimama.

"Wote?"

"Nusu. Mama yako alijaza kopo. Nilikula mimi."

Upepo ukalisukuma shuka likanigusa puani.

"Walikuwa na chumvi?" akauliza.

"Kidogo sana."

"Mama anapenda chumvi nyingi," akasema. "Ni baba ndiye aliyekuwa anataka kidogo."

Mwezi wa nne, baba alikuwa ameshalala chini ya mikahawa mwezi mzima. Na Ma Magdalena alikuwa bado anakaanga kwa chumvi ya mzee.

Nadhani Privatus alilifikia hilo wakati uleule nilipolifikia mimi, maana shuka lilianza kutikisika na upepo ulikuwa umetulia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila ufundi. Nilizunguka, nikasimama karibu yake. Sikumshika. Nilishika ncha ya shuka ili lisiburuze chini. Ndicho pekee nilichoombwa, na hata hicho nilikuwa nimechelewa nusu saa.

Mama Hellen akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Dobi, kuna nini?"

"Baba yangu amefariki."

"Mungu wangu! Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mama Hellen ni mwanamke aliyefanya biashara ya gesti miaka ishirini. Hakuuliza zaidi. Alishusha mwiko.

"Kwani wewe jina lako nani?" akauliza.

"Privatus, mama."

"Pole sana, Privatus." Kisha akanigeukia. "Na wewe, si ulisema umekuja kufanya utafiti?"

"Umekwisha, mama."

"Umegundua nini?"

Nikamwomba kamba ya kufungia begi.

Mchana ule palikuwa na pikapu inayorudisha kreti tupu za soda Bukoba. Mama Hellen alituombea lifti, akamfungia Privatus kilo mbili za sukari za kupeleka nyumbani, kwa sababu mtu haendi msibani mikono mitupu hata kama msiba umepoa. Begi langu, limefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, lilikaa nyuma na kreti.

Privatus alikaa dirishani. Hakuongea hadi Kemondo. Pale akauliza kama lile duka la vifaa vya shule bado lipo Kashai. Nikamwambia sasa wanauza simu. Akauliza kama wale waliokuwa wanauza simu bado wapo. Nikamwambia sasa wanauza viatu. Akatikisa kichwa kama aliyeelezwa habari za nchi nyingine.

"Joanitha kaolewa?" akauliza.

"Bado. Si anakuambia?"

"Ananiambia mambo ya kumfaa mtu wa mbali. Kwamba wote wazima."

Tulipoanza kuingia Rwamishenye, niliinama nikaweka kichwa chini ya dashibodi. Nyumba ya mama iko barabarani, na barazani pake hukosi watu wanne wenye macho mazima.

"Unaumwa?" dereva akaniuliza.

"Nimeangusha kitu."

Nilikitafuta hadi tulipoacha nyumba za mwisho ninazozijua.

Dereva alitushusha kwenye njia panda ya Kahororo. Kutoka pale ni kutembea. Yale magurudumu manne yanayozunguka pande zote, ambayo muuzaji aliniapia kwamba yatanifuata yenyewe kama mbwa, yaligusa tope la njia ya migombani na kukataa. Privatus akalipandisha begi kichwani. Akatangulia. Miguu yake ilikuwa inajua kila mzizi.

Njiani tulipatana. Yeye ataingia peke yake, aseme ukweli wake. Mimi nitabaki nje, nyuma ya migomba, hadi giza liingie, kisha nitashuka Kashai kimyakimya na kujifungia chumbani siku zilizobaki. Akiulizwa aliyemletea barua, atasema ni mtu wa basi. Hakuupenda mpango huo, ila aliukubali. Alisema, "Umekuja hadi hapa. Nitakubebea huo uongo mmoja."

Tulipofika mahali ambapo paa linaonekana kupitia majani, alisimama. Alisimama kabisa, kama basi lililokata mafuta.

"Nitasema nini?" akaninong'oneza.

"Si ulikuwa unapanga maneno miaka minne?"

"Yamepotea yote."

"Basi sema hodi."

"Halafu?"

"Halafu watakuja wenyewe."

Akalitua begi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akatoa rozari mfukoni, akaivaa shingoni, akaiingiza ndani ya shati. Alikuwa amenyanyua mguu wa kwanza kabisa.

Simu yangu ikaita.

Simu ya video. Mama.

Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata. Ikaita mara ya tatu, na kwa mama yangu mara ya tatu maana yake ni kwamba ya nne atampigia polisi wa nchi husika.

"Pokea," Privatus akasema kwa sauti ya chini. "Wataisikia hiyo ikiita."

Nilivaa miwani ya jua. Nikaileta simu karibu hadi uso wangu ujae kioo chote, nikapokea.

"Assalaamu alaykum, mama."

"Wa alaykum salaam! Mwanangu, alhamdulillahi, umefika! Mbona hukupiga? Nimekosa usingizi. Umekula? Wanakupa chakula cha halali?"

"Huku chote ni halali, mama."

"Alhamdulillahi. Mbona umevaa miwani kivulini?"

"Jua la huku lipo hata kivulini."

"Maskini. Hebu sogeza simu, nione huo mji. Nimewaambia watu nitawaonyesha."

"Mtandao utakatika, mama."

"Kidogo tu. Hicho nini nyuma ya sikio lako? Cha kijani?"

Niligeuka kidogo kutazama, kosa ambalo nalijutia hadi leo, maana nilipogeuka ndipo kioo kilipoona zaidi.

"Ni mapambo, mama."

"Mapambo ya migomba?"

"Waarabu wana pesa, mama. Wanapanda chochote."

Mama akakisogelea kioo. Pua yake ikakijaza. "Mkungu wenyewe ni wa ndizi za kupika," akasema taratibu, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa pembeni yake. Kisha akakumbuka jambo. "Haya, tuyaache hayo. Nimekuja huku kwa Ma Magdalena, tangu asubuhi hana raha. Anataka kukuuliza neno."

Msomaji, nilikuwa sijamuuliza mama yuko wapi. Mtu aliye Dubai hana sababu ya kuuliza.

Uso wa Ma Magdalena ukaingia kwenye kioo, kilemba kimekaa upande, macho yanatafuta mahali pa kutazama.

"Mwanangu Salma, waitu, tafadhali, mzigo umefika?"

"Umefika, Ma."

"Amesoma barua?"

Nilimtazama Privatus. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, mkono mmoja kwenye shina la mgomba, ameganda.

"Amesoma, Ma."

"Amelia?"

"Amelia."

Mama yule akafumba macho, akayafumbua. "Alikuwa na nani?"

Ningeweza kusema uongo mwingine hapo, na ungekuwa uongo mzuri. Lakini swali lilikuwa dogo na lilikuwa na jibu.

"Alikuwa na mimi, Ma. Nilichelewa kidogo, lakini nilikuwa naye. Bado niko naye."

"Asante, mwanangu. Asante sana." Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu, kama watu wa umri wake wanavyofanya wakidhani nchi za mbali zinahitaji sauti kubwa:

"Mpe simu nimwone!"

Niliisikia mara mbili.

Kwanza ilitoka ng'ambo ya migomba, kwenye lile paa. Kisha, baada ya kitambo kidogo, ikatoka kwenye simu mkononi mwangu.

Privatus naye aliisikia mara mbili. Mkono wake ukaachia mgomba. Akaanza kutembea, si kwa haraka, akiyasukuma majani makavu kwa kifua, na kila jani lililovunjika nililisikia kwanza mbele yangu na kisha kwenye simu.

Ma Magdalena hakuwa tena kwenye kioo. Kilionyesha mbingu, kisha ukingo wa paa, kisha uso wa mama yangu, ambaye ndiye sasa aliyeishika simu. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya simu, kule majani yalikokuwa yanavunjika.

"Salma," akasema polepole, macho yake bado kule kule, "begi la rangi ya machungwa linalong'aa hapo chini ya migomba, ni la nani?"

Nikavua miwani.

"Simama hapo hapo ulipo," akasema mama, na simu ikakatika.

Kandambili zake nazijua tangu utotoni. Nikazisikia zikishuka njia.